Joseph Paxton, Mtunza Bustani Aliyeushinda Msimu wa Baridi

Leo tunawaletea wasomaji wetu, hususan askari wa jeshi na polisi, habari za maisha ya Joseph Paxton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1803 na kufariki dunia mwaka 1865. Alianza maisha akiwa kibarua wa bustani, akayamaliza akiwa Mbunge mwenye cheo cha heshima cha Sir. Sifa yake ya kwanza ilitokana na kazi ambayo wengi huidharau, yaani kuiwezesha mimea ya nchi za joto kuishi na kuchanua maua katika nchi ya theluji. Huenda mwenzetu aliye lindoni akauliza askari ana haja gani na habari za maua. Tunamwomba avute subira, kwani kabla ya mwisho wa makala haya atakutana na maelfu ya askari walioangamia kwa kukosa yale ambayo Paxton aliyatimiza kwa ajili ya mgomba mmoja.

ADUI ALIYEMKABILI

Sisi tunaokaa katika Ikweta hatuna mazoea ya kuihurumia mimea kwa sababu ya baridi. Bogenvilia huchanua langoni mwa kambi mwaka mzima, na mgomba hustawi nyuma ya nyumba pasipo mtu kuukumbuka. Anayetaka kuona theluji hapa Uganda hana budi kupanda hadi vilele vya Rwenzori.

Huko Derbyshire, katikati ya Uingereza, mambo ni kinyume. Mwezi wa Desemba mchana hautimizi saa nane, na jua hupita chini kabisa kwenye upeo wa macho. Usiku hushuka jalidi, yaani umande ulioganda ukawa barafu. Mmea wa nchi za joto ukipigwa na jalidi, maji yaliyo ndani ya majani yake huganda, na sehemu laini za mmea hupasuka. Kesho yake jua likitoka, majani huwa meusi na kulegea kama mboga iliyochemshwa. Mimea mingine, ukiwamo mgomba, huanza kudhurika hata kabla maji hayajaganda. Kwa hiyo baridi kali ya usiku mmoja tu huweza kufuta kazi ya miaka kumi. Huyo ndiye adui ambaye Paxton alipambana naye kwa muda wa miaka zaidi ya 30.

KURUTA WA CHISWICK

Paxton alizaliwa tarehe 3 Agosti, 1803, katika kijiji cha Milton Bryan, wilaya ya Bedfordshire. Alikuwa mtoto wa kiume wa saba katika nyumba ya mkulima asiye na mali. Mwaka 1823 aliandikishwa kazi katika bustani ya Chama cha Kilimo cha Bustani, mahali paitwapo Chiswick, karibu na London. Katika daftari aliandika kwamba alizaliwa mwaka 1801, akijiongezea miaka miwili. Maofisa wetu wanaoandikisha makuruta watacheka, maana hila hiyo wanaifahamu vema.

Ardhi ya bustani ile ilikuwa mali ya William Cavendish, Duke wa sita wa Devonshire, mmoja wa makabaila matajiri kabisa wa Uingereza. Duke alikuwa na uziwi kiasi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akipita bustanini alipendezwa na kijana aliyemjibu kwa sauti ya wazi na kwa adabu. Mwaka 1826 alimpa kazi ya kuwa msimamizi mkuu wa bustani za jumba lake la Chatsworth, huko Derbyshire. Paxton alikuwa hajatimiza miaka 23.

Namna alivyoripoti kazini inafaa kusimuliwa katika kila chuo cha mafunzo. Alisafiri kwa gari la farasi usiku kucha, akafika Chatsworth tarehe 9 Mei, saa kumi na nusu za alfajiri, watu wote wakiwa wamelala. Hakuketi langoni kungoja kufunguliwa. Aliukwea ukuta, akazunguka bustani yote akikagua, na ilipotimia saa kumi na mbili akawapangia vibarua kazi za siku hiyo. Baadaye alikula chamshakinywa pamoja na msimamizi wa nyumba, na hapo akamwona Sarah Bown, mpwa wa mama yule. Walioana mwaka 1827. Sarah alikuwa hodari wa hesabu na mambo ya utawala, na katika miaka iliyofuata, kila Paxton aliposafiri, yeye ndiye aliyeshika usukani wa shughuli zote za Chatsworth. Bila Sarah, mengi tutakayoyaeleza hapa yasingalitimia.

ELIMU YA KUVUSHA MIMEA

Paxton alizikuta nyumba za vioo za Chatsworth zikiwa chache, na nyingine zikiwa katika hali mbaya. Akaanza kujenga upya. Nyumba ya vioo huruhusu nuru na joto la jua kuingia, kisha huzuia upepo usiliondoe joto hilo. Lakini jua la majira ya baridi liko chini, na miale yake huteleza juu ya paa lililo tambarare. Paxton akatengeneza mapaa yenye matuta na mifereji, mfano wa shamba lililolimwa kwa ajili ya viazi. Kila tuta lilikuwa na mbavu mbili za vioo, na hivyo jua la asubuhi na la jioni liliingia moja kwa moja, wakati lile kali la adhuhuri lilipiga kwa mshazari bila kuunguza majani.

Aligundua pia kwamba wengi waliokuza okidi walikuwa wakiziua kwa kuzipenda mno. Walizifungia katika vyumba vyenye joto la kupindukia na hewa nzito, wakidhani kwamba kila mmea wa ng'ambo hutaka kuishi ndani ya tanuri. Paxton alifahamu kwamba okidi nyingi hutoka milimani, ambako usiku kuna ubaridi na upepo. Akapunguza joto, akafungua madirisha, akazigawa okidi katika nyumba mbalimbali kwa kufuata asili yake, na akaamuru sakafu zimwagiwe maji ili hewa iwe na unyevu. Okidi zilizokuwa zikifa zikaanza kuchanua.

Elimu yake hakuificha. Alihariri magazeti ya kilimo cha bustani, na mwaka 1838 akatoa kitabu kizima juu ya ua la dalia, ambalo asili yake ni nyanda za juu za Meksiko. Dalia ni mfano mzuri wa mmea unaoweza kuvushwa na mtu asiye na fedha. Jalidi ya kwanza inapoyaunguza majani, mkulima hukata mashina, hufukua viazi vyake, huvikausha, kisha huvifukia katika mchanga mkavu mahali ambapo baridi kali haifiki. Viazi hivyo hulala miezi yote ya giza bila kunyweshewa maji, maana mmea uliolala ukinyweshwa huoza. Majira ya joto yanaporudi hupandwa tena na kuchipua. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mimea mingi: wakati wa baridi punguza maji, usiulazimishe mmea kukua, uhifadhi mizizi, ungoje.

MGOMBA WA CHATSWORTH

Mnamo mwaka 1830 Paxton alipata mche wa mgomba mfupi ambao mbegu yake ilikuwa imefika Uingereza kutoka kisiwa cha Mauritius. Akaupanda ndani ya nyumba ya vioo, akaupa udongo mwingi na wenye rutuba, maji na joto. Mwezi wa Novemba, 1835, wakati miti yote ya nje imepukutisha majani, mgomba ule ukatoa ua. Mwezi wa Mei uliofuata ukazaa matunda, na ndizi zake zikapata nishani katika maonyesho mjini London. Paxton akaupa jina la ukoo wa bwana wake, Cavendish.

Msomaji wa Uganda, ambaye chakula chake ni matoke, asilipuuze jambo hili. Miche ya Chatsworth ilichukuliwa na mmisionari John Williams hadi visiwa vya Samoa, na kutoka huko ikaenea katika visiwa vingine vya Pasifiki. Katikati ya karne ya 20 maradhi ya mnyauko yaliteketeza mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yaliyokuwa yamepandwa ndizi za jamii ya bogoya yetu. Wafanyabiashara wakageukia ndizi za jamii ya Cavendish, zilizoweza kustahimili maradhi yale. Leo karibu ndizi zote zinazouzwa katika masoko ya Ulaya na Marekani ni za jamii hiyo, na zinaitwa kwa jina lililotolewa katika nyumba ya vioo ya Derbyshire.

NYUMBA KUU NA GHARAMA YAKE

Mwaka 1836 Paxton alianza ujenzi wa nyumba ya vioo ambayo mfano wake ulikuwa haujaonekana. Ilipokamilika mwaka 1840 ilikuwa na urefu wa futi 277, upana wa futi 123 na kimo cha futi 67. Boila nane zilichemsha maji yaliyopita katika mabomba ya chuma yenye urefu wa maili saba. Makaa ya mawe yaliletwa kwa reli ndogo ndani ya handaki, na moshi ulipelekwa mbali chini ya ardhi ili usiichafue bustani. Ndani yake ilistawi minazi, migomba na miti ya maua kutoka India na Amerika. Malkia Victoria alipozuru mwaka 1843, alipita katikati ya nyumba ile akiwa ndani ya gari la farasi, na taa 12,000 zikiwaka.

Lakini fahari hiyo ilikuwa na gharama isiyohesabika kwa fedha. Mwaka 1835 kijana wa bustani, John Gibson, alitumwa India kutafuta okidi na mti wa maua mekundu uitwao Amherstia, na akarudi salama mwaka 1837 na shehena kubwa ya mimea. Wenzake wawili, Robert Wallace na Peter Banks, walitumwa Amerika ya Kaskazini kutafuta misonobari. Mwezi wa Oktoba, 1838, mashua yao ilipinduka katika maporomoko ya mto Columbia, nao wakafa maji pamoja na wasafiri wengine. Walikuwa vijana waliotekeleza amri. Wageni waliotembea Chatsworth wakishangilia uzuri wake hawakuyaona makaburi yao, na historia haina budi kuwataja.

YUNGIYUNGI LA MALKIA

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1849. Katika mito ya Guyana na Amazoni huota yungiyungi ambalo jani lake huwa pana kuliko meza ya chakula. Wataalamu walikuwa wameliita Victoria, kwa heshima ya malkia yule yule ambaye baadaye jina lake lilipewa ziwa letu. Mbegu zilifikishwa katika Bustani ya Kew, zikaota, lakini miche haikutoa ua. Tarehe 3 Agosti, siku aliyotimiza miaka 46, Paxton alikwenda Kew kuchukua mche mmoja, akausafirisha kwa gari la moshi hadi Chatsworth.

Akautengenezea birika la pekee, akayapasha moto maji kwa mabomba hadi yakawa na uvuguvugu wa mto wa Amazoni. Akaweka gurudumu dogo la kuyasukasuka taratibu ili mmea udhani kwamba bado uko mtoni. Majani yakapanuka kwa kasi hata birika likawa dogo, ikabidi lipanuliwe. Mwanzoni mwa Novemba, nje kukiwa na baridi na ukungu, tumba likatokeza juu ya maji. Likafunguka jioni, jeupe, lenye harufu nzuri. Jioni ya pili likageuka kuwa la waridi, kisha likazama. Lilikuwa ua la kwanza la jamii hiyo kuchanua Uingereza. Paxton alimpelekea Malkia ua moja na jani moja huko Windsor. Ili kuonyesha nguvu ya jani, alimsimamisha juu yake binti yake mdogo, Annie, na jani halikuzama.

Nguvu hiyo inatokana na mbavu nene zilizo chini ya jani, ambazo hutoka katikati na kuungana kwa mbavu nyembamba. Paxton alizitazama kwa makini. Nyumba aliyolijengea yungiyungi lile mwaka 1850 ilikuwa na paa jepesi lililobebwa na nguzo za chuma zilizo wazi ndani, ambazo zilipitisha pia maji ya mvua.

JUMBA LA VIOO NA ASKARI WALIOLIJARIBU

Mwaka huo huo London ilikuwa ikihangaika. Maonyesho makubwa ya mataifa yalitangazwa kufanyika mwaka 1851, lakini ramani zaidi ya 200 zilizoletwa hazikukubaliwa hata moja. Tarehe 11 Juni, 1850, Paxton akiwa mkutanoni Derby alichora wazo lake kwenye karatasi ya kukaushia wino. Baada ya siku chache ramani kamili ilikuwa tayari. Jengo lenyewe lilikuwa ni nyumba ya maua iliyokuzwa hadi urefu wa futi 1,848, na miti mikubwa ya uwanja ule iliachwa hai ndani yake.

Wako waliotabiri kwamba ghorofa zake zingeanguka kwa uzito wa watu. Hapo wakaitwa askari wa uhandisi wa jeshi. Walipiga kwata na kurukaruka kwa pamoja juu ya sakafu ya majaribio, nayo haikutetereka. Jumba lilifunguliwa tarehe 1 Mei, 1851, likapokea wageni kiasi cha milioni sita, na Paxton akapewa cheo cha Sir.

BALAKLAVA

Sasa tufike pale tulipoahidi. Mwaka 1844 Paxton alikuwa amejenga Chatsworth chemchemi yenye kurusha maji futi 296 angani, kwa ajili ya kumpokea Nikolai wa Kwanza, Mfalme wa Urusi. Vibarua walichimba bwawa lake usiku na mchana, kwa mwanga wa mienge. Mfalme hakufika. Miaka kumi baadaye Uingereza na Ufaransa, pamoja na Uturuki, zilikuwa vitani na mfalme yule yule katika rasi ya Crimea.

Majira ya baridi ya mwaka 1854 yaliyakuta majeshi ya Waingereza juu ya vilima vya Sevastopol yakiwa hayana matayarisho. Tarehe 14 Novemba dhoruba ilizizamisha meli nyingi, ikiwamo Prince iliyobeba nguo za baridi. Bandari ya Balaklava ilikuwa umbali wa maili saba hivi kutoka kambini, lakini njia iligeuka kuwa tope, na farasi wakafa. Vyakula vikaoza bandarini na askari wakafa kwa njaa, baridi na maradhi mlimani. Katika vita vile Waingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa silaha za adui.

Paxton, aliyeingia Bungeni mwishoni mwa mwaka 1854, alipendekeza kwamba mafundi na vibarua waliozoea ujenzi mkubwa wapelekwe vitani kujenga. Mwaka 1855 Serikali ilikubali, na kikaundwa Kikosi cha Kazi cha Jeshi, chenye watu zaidi ya elfu moja. Hakikuwa kikosi kisicho na dosari. Mishahara yao iliyozidi ile ya askari ilileta manung'uniko, na nidhamu ya baadhi yao ilikuwa haba. Tena walifika wakiwa wamechelewa, wengi wa marehemu wakiwa wameshazikwa. Hata hivyo, wakishirikiana na askari, walijenga barabara imara kutoka Balaklava, na majira ya pili ya baridi hayakuwa na msiba wa namna ile kwa Waingereza.

Mtu aliyejua kwamba mgomba mmoja hauvuki baridi bila makaa kufika kila siku kwa njia iliyo wazi, hakuhitaji kwenda chuo cha vita kuelewa maana ya ugavi.

MWISHO WAKE

Duke alifariki mwaka 1858, na Paxton akajiuzulu Chatsworth. Mwaka huo huo alijipatia hati ya ubunifu wa nyumba ndogo za vioo za bei nafuu, ambazo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua na kuhamisha. Alifariki tarehe 8 Juni, 1865, akazikwa Edensor, karibu na bustani alizozipenda. Mkewe Sarah alifariki mwaka 1871.

Ile nyumba kuu ya Chatsworth iliishi hadi Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wa bustani wakaenda vitani, makaa yakaelekezwa kwingine, boila zikazimwa. Mimea iliyokuwa imevuka baridi za miaka zaidi ya 70 ikafa. Mwaka 1920 nyumba yenyewe ilibomolewa kwa baruti. Jumba la vioo la maonyesho, ambalo lilikuwa limehamishiwa Sydenham, liliteketea kwa moto tarehe 30 Novemba, 1936.

Yungiyungi bado linachanua Kew, lakini kila mwaka hupandwa upya kutokana na mbegu, kwa kuwa giza la majira ya baridi huliua. Na hapa kwetu, kandokando ya ziwa karibu na Entebbe, waridi hukuzwa chini ya mapaa ya plastiki na kupelekwa kwa ndege Ulaya, hata nyakati ambazo bustani za huko zimefunikwa na theluji.

Ndugu askari, mmea wa nchi za joto hauvuki baridi kwa nguvu zake wenyewe. Unavuka kwa sababu yuko mtu aliyeamka saa tisa za usiku kutia makaa, mwingine aliyeyaleta jana, na kiongozi aliyeyahesabu tangu majira ya joto. Mmoja wao akilala, asubuhi majani ni meusi. Afisa aliyekabidhiwa watu, na koplo aliyekabidhiwa ghala la mablanketi, watafakari hayo kabla msimu wa mvua na baridi haujawafikia walio milimani.